Pedali ya sauti (gitaa la besi)

Pedali ya sauti ni kifaa kinachokanyagwa kwa mguu ili kupandisha au kushusha sauti ya gitaa la besi, huku mikono ya mpigaji ikibaki kwenye nyuzi. Huunganishwa kwa waya kati ya gitaa na amplifaya.

Jukwaani humsaidia mpigaji kushusha besi mwimbaji anapoanza kuimba, na kuizima kabisa wakati wa kurekebisha nyuzi.

Pedali isiyotumia umeme huchaguliwa kulingana na gitaa. Kwa kawaida ukinzani wake ni kilo-omu 250 kwa gitaa lisilo na betri, na kilo-omu 25 kwa gitaa lenye betri. Ile ya kilo-omu 25 ikiunganishwa na gitaa lisilo na betri, sauti hufifia na kupoteza ung'avu.