Jina la Mussolini Milimani Taita

Mlima Kasigau umesimama peke yake nyikani, kusini mwa Voi, na vijiji vitano vimeuzunguka miguuni: Rukanga, Jora, Makwasinyi, Bungule na Kiteghe. Anayesimulia habari za udikteta wa Benito Mussolini hana sababu ya kupita hapa. Askari wa Kiitaliano hawakuwahi kufika. Waliteka Moyale Julai 1940, ndege zao zikaangusha mabomu Malindi Oktoba mwaka huohuo, na kwa raia wa kusini mwa Kenya vita vya Mwitaliano vilikuwa hasa uvumi na bei za dukani. Lakini jina la ufashisti lilifika Taita kabla ya vita hivyo kuanza, nalo lilifika kama shtaka. Mei 1940 serikali ya kikoloni ilipiga marufuku chama cha Wataita, Taita Hills Association, ikakamata viongozi wake, na sababu iliyotolewa ni kwamba wao na wenzao walikuwa na mawasiliano na maadui wa Mfalme. Adui aliyenong'onwa alikuwa Mwitaliano. Nadhani shtaka lile halikuhusu Roma hata kidogo. Lilihusu ardhi, na mtu wa Kasigau angelitambua kwa harufu tu.

Angelitambua kwa sababu lilikwisha kumpata. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, na mwaka uliofuata vikosi vyao vikaivamia kambi ndogo ya Waingereza pale Kasigau. Waingereza wakashikilia kwamba wenyeji ndio waliomwonyesha adui njia. Hakuna aliyeitwa barazani kujieleza. Vijiji vilichomwa, watu wakasombwa hadi Malindi, na wengi walifia huko kwa maradhi na njaa. Waliosalia hawakuruhusiwa kurudi mlimani kwao hadi miaka ya 1930. Tuseme hata walikuwapo wanaume wachache waliowaongoza Wajerumani. Bado mtoto wa kunyonya hakuongoza kikosi chochote, na adhabu haikumbagua. Neno moja, kwamba hawa ni watu wa adui, lilitosha kuuondoa mlima mzima mikononi mwa wenyewe kwa miaka takriban ishirini.

Sasa tuutazame mwaka 1940. Taita Hills Association ilikuwa changa, iliundwa 1939, na viongozi wake waliojulikana zaidi walikuwa Mengo Woresha na Jimmy Mwambichi. Malalamiko yao hayakuwa na siri: ardhi iliyochukuliwa na walowezi na makampuni ya mkonge, na mipango ya serikali ya kuwapangia wakulima wa milimani wapi walime na wapi wasilime. Ilipigwa marufuku pamoja na vyama viwili vingine, na vyama hivyo ndivyo vinavyoeleza mambo. Kimoja kilikuwa Kikuyu Central Association, KCA, kilichodai mashamba ya Wakikuyu kwa miaka mingi. Kingine kilikuwa Ukamba Members Association, kilichozaliwa 1938 serikali ilipoanza kuwapunguzia Wakamba ng'ombe kwa nguvu. Maelfu walitembea hadi Nairobi, na kiongozi wao Muindi Mbingu akahamishiwa Lamu. Ukivitafutia vyama hivi vitatu jambo linaloviunganisha, hulipati katika siasa za Ulaya. Unakuta shamba, ng'ombe na shamba tena.

Mtetezi wa serikali atasema: ilikuwa vita. Hitler alikuwa akiimeza Ufaransa, Mussolini alikuwa na jeshi kubwa Ethiopia, jirani kabisa na Kenya, na hakuna serikali ambayo ingengoja ushahidi ukamilike. Hofu hiyo siidharau. Ila marufuku ilitoka mwishoni mwa Mei, ilhali Italia ilitangaza vita tarehe 10 Juni. Hadi siku hiyo Italia haikuwa adui wa Uingereza kisheria. Na viongozi zaidi ya ishirini waliokamatwa walizuiliwa kwa kanuni za ulinzi, bila kufikishwa mahakamani, wala baadaye Mwitaliano alipoonekana kushindwa vitani hawakufunguliwa kesi ya kuonyesha huo usaliti. Serikali yenye ushahidi wa mtu kula njama na adui haina haja ya kuuficha.

Kuna pingamizi zito zaidi: kwamba mtu aliyekandamizwa na Mwingereza angeweza kwa kawaida kumtazama adui wa Mwingereza kama rafiki. Linaingia akilini, lakini linagonga mwamba kwenye Ethiopia. Mussolini alipoivamia Oktoba 1935, mjumbe wa KCA huko London, Jomo Kenyatta, alikuwa katibu wa chama cha marafiki wa Uhabeshi kilichoongozwa na C. L. R. James, akaandika kuipinga Italia, na Juni 1936 alikuwapo stesheni ya Waterloo kumlaki Haile Selassie uhamishoni. Wakati huo Uingereza ilikuwa ikifanya nini? Iliacha Mfereji wa Suez wazi kwa meli za Kiitaliano, na Novemba 1938 ikaitambua rasmi Italia kuwa mtawala wa Ethiopia. Nani basi alikuwa amepeana mkono na Mussolini, aliyeandamana London au aliyetia saini?

Taveta, ambayo leo iko kaunti moja na Taita, inaongeza kejeli yake. Kuanzia 1937 maelfu ya Waethiopia walivuka mpaka kuukimbia utawala wa Kiitaliano, na pamoja nao Waeritrea waliotoroka jeshi la mkoloni wao. Walikusanywa kambini Isiolo, kisha wakahamishiwa Taveta. Walilindwa kama mzigo, maana London haikutaka kumuudhi Roma. Italia ilipoingia vitani, mzigo ukageuka silaha: wanaume wa kambi zile wakaandikishwa katika kikosi cha pili cha Waethiopia, wakapigana ndani ya Ethiopia 1941 chini ya afisa wa Kiingereza Orde Wingate. Hao walioujua ufashisti kwa miili yao walikaa chini ya ulinzi Taveta wakati ambapo Wataita, umbali wa safari ya treni, walikuwa wakielekea kuitwa mafashisti.

Sisemi kwamba ukoloni wa Kiingereza na ufashisti ni kitu kimoja. Februari 1937, baada ya jaribio la kumuua Graziani, mtawala wa Kiitaliano wa Ethiopia, Waitaliano waliua maelfu ya watu Addis Ababa kwa siku tatu, mitaani na majumbani. Kenya ya mwaka huo haikuwa na jambo la namna hiyo, na mwandishi anayefuta tofauti hiyo anawakosea waliouawa. Ninachosema ni kidogo zaidi. Tofauti hiyo ilitumiwa kama pazia: kwa kuwa adui alikuwa mwovu wa kweli, aliyebandikwa jina lake hakusikilizwa tena alipotaja shamba.

Mwaka 1941 majeshi ya Mussolini yaliporomoka Afrika Mashariki, na makumi ya maelfu ya Waitaliano wakaletwa Kenya kama mateka. Mtawala wao wa eneo hilo, Duke wa Aosta, alifia Nairobi Machi 1942, na kaburi lake liko Nyeri hadi leo, ndani ya kanisa linalotunzwa vizuri. Mengo na Mwambichi walikuwa wamepelekwa upande mwingine wa nchi, Kapenguria, kituo cha mbali ambako mtu angeweza kusahauliwa. Mwaka 1952 serikali ilikichagua tena kituo hichohicho, safari hii kwa kesi ya Kenyatta na wenzake watano, na ndiyo Kapenguria wanayoijua watoto wa shule.