Goma: Uwanja wa Ndege Kati ya Mlima na Soko

Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulipasuka ubavuni, nyufa zikashuka mpaka Munigi, mlangoni mwa Goma, mji wa mashariki mwa Kongo. Lava ikafurika humo. Ikaufunika uwanja wa ndege upande wa kaskazini, ikateremka katikati ya mji hadi ndani ya Ziwa Kivu. Ilipopoa, karibu theluthi ya njia ya kurukia ndege, iliyokuwa na urefu wa mita 3,000, ilikuwa imezikwa chini ya mwamba mweusi wenye ncha zinazokata soli ya kiatu.

Hasara hiyo ilikuwa nzito kuliko inavyosikika. Goma iko mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi. Bawa haliwezi kubeba uzito mpaka ndege ikimbie kwa kasi zaidi, na injini nazo hupungukiwa nguvu. Ndege ileile, yenye mzigo uleule, itahitaji lami ndefu zaidi Goma kuliko Mombasa. Na lami ndiyo iliyoliwa.

Kuufunga uwanja halikuwa jambo la kufikirika. Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500 magharibi, na katikati ni misitu isiyo na barabara ya kutegemewa. Hata kasiteriti, mawe yanayotoa bati, kwa miaka mingi ilifika Goma kwa vindege vilivyotua juu ya kipande cha barabara huko Walikale.

Uwanja huu ulikwisha kubeba mengi kabla ya lava. Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walipovuka mpaka kwa siku chache na kipindupindu kikawapiga, hapa ndipo ziliposhukia ndege za misaada, moja nyuma ya nyingine. Huko kambini mwamba wa milipuko ya zamani ulikuwa mgumu kiasi kwamba vyoo havikuchimbika, wala makaburi. Miaka minne baadaye, Agosti 1998, wapiganaji waliziteka ndege za abiria Goma wakarushwa nazo hadi Kitona, upande wa pili wa nchi, karibu na Bahari ya Atlantiki. Lami iliyopokea dawa ikatumika kusafirisha vita.

Kusini mwa njia ya kurukia hakuna uwanda wazi. Kuna Birere, mtaa wa maduka na soko, nyumba zimebanana. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege aina ya DC-9 ya shirika la Hewa Bora, ikielekea Kisangani, ilishindwa kupaa. Ikapita mwisho wa lami, ikavunja maduka na nyumba, ikawaka. Watu wasiopungua 40 walikufa, na wengi wao hawakuwa abiria. Walikuwa wachuuzi, wateja na wapita njia, waliotoka nyumbani asubuhi kutafuta riziki. Hao ndio wanaopaswa kutajwa kwanza kila ufupi wa njia hiyo unapozungumzwa.

Kando ya uwanja mabaki ya ndege yalibaki yakiota kutu, na watoto wakapanda juu ya mabawa yake kucheza. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 52 za kuimarisha usalama wa uwanja. Mlima haukungoja: jioni ya tarehe 22 Mei 2021 lava ilishuka tena, ikasimama Buhene, mita mia kadhaa tu kutoka uwanjani.

Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji pamoja na uwanja wake, na safari za abiria zikasimama. Kwa miezi iliyofuata, mkazi wa Goma mwenye safari ya Kinshasa alilazimika kuvuka mpaka kwa miguu hadi Gisenyi nchini Rwanda, kupanda basi la Kigali, zaidi ya kilomita 150, na huko ugenini ndiko akatafute ndege ya kumfikisha mji mkuu wa nchi yake.