Treni ya Babu Haisongi? Usiiuze Skrapu, na Usiichomeke kwa Soketi Bado

Kama umekulia Voi, lazima kuna nyumba unajua ilikuwa na mzee wa reli. Pengine ni babu yako mwenyewe, pengine ni anko aliyekuwa fundi kabla mambo ya reli ya zamani yaende chini. Na kwa baadhi ya hizo nyumba, juu ya kabati ama chini ya kitanda, kuna boksi lenye vipande vya reli ndogo, mabehewa mawili matatu, na injini moja nzito kuliko venye inakaa. Mzungu fulani aliiacha akirudi kwao, ama ilitumwa na ndugu aliye majuu, ama ilitoka kwa bale ya toi za mitumba. Imepita mikono mpaka ikakufikia wewe. Na haisongi.

Mathee anataka nafasi ya kabati. Msee wa skrapu anapita mtaani na mzani wake. Kabla umpe, soma hii mpaka mwisho.

Hizi treni za umeme mara nyingi hazijakufa, zimechafuka tu. Mafuta ya miaka 40 yamegeuka gundi na vumbi nyekundu ya Voi imejipaka juu yake. Kinachoziua kabisa ni ile dakika ya kwanza ya furaha, mtu anachomeka kwa stima yoyote iliyo karibu. Waya za ndani ya mota ni nyembamba kama unywele. Zikiungua, hiyo si spea utaitisha kwa duka la hadwea pale tao.

Kwanza jua uko na gani

Chukua rula. Pima upana kutoka ukingo wa ndani wa reli moja hadi ukingo wa ndani wa ile ingine. Ukipata milimita 16.5, uko na saizi ya HO ama OO, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi: Hornby, Tri-ang, Lima, Bachmann. Milimita 9 ni N, kadogo kabisa. Milimita 32 ni O, na 45 ni yale makubwa ya kuchezea nje kama LGB. Ukiona shimo la ufunguo ubavuni, tulia, hiyo haitumii stima. Ni ya kukaza springi kama saa ya ukutani.

Nyingi za hizo za milimita 16.5 zinatumia DC ya volti 12, yaani umeme wa kwenda upande mmoja kama wa betri. Lakini kuna mitego. Märklin za Ujerumani ziko na upana ule ule, ila ukiangalia katikati ya mataruma utaona vichwa vidogo vya chuma vimepangwa mstari. Za zamani zinatumia AC ya volti 16. Lionel za Marekani ziko na reli tatu na pia ni AC. Hornby Dublo za kabla ya 1959 nazo ziko na reli tatu, lakini ni DC. Kwa hivyo usihukumu kwa kuhesabu reli peke yake, soma jina lililoandikwa chini ya injini. Ukiweka AC kwa mota ya DC itatetemeka papo hapo, ipate joto, na hapo umeichoma.

Hapa niingize stori moja. Reli ya SGR inayopita Voi tangu 2017 ina upana wa milimita 1,435. Gawanya kwa 87, ambayo ndiyo skeli ya HO, unapata 16.49. Kumaanisha ile reli ya plastiki kwa boksi lako ni SGR kamili, imepunguzwa tu. Reli ya mzee, ile iliyoanza kujengwa Mombasa 1896, ilikuwa na upana wa mita moja. Kwa skeli hiyo ingekuwa milimita 11 na nusu, na ndio maana wanaotengeneza modeli za reli ya mita hutumia njia ya milimita 12. OO ya Waingereza nayo ni uongo kidogo, kwa sababu walifanya injini kubwa kuliko reli yake. Kwa hivyo babu alifanya kazi kwa reli moja na akakuachia toi ya ingine.

Stima: hapa ndipo watu huchoma picha

Kama boksi lina transfoma yake ya zamani, usiichomeke. Igeuze usome lebo. Ya Uingereza itakuwa imeandikwa volti 240 ama karibu hapo, na plagi yake ya miguu mitatu ya mraba inaingia kwa soketi zetu bila shida. Ya Marekani itaandikwa volti 120. Hiyo ukiichomeka Kenya umeipa mara mbili ya kile inaweza, na haitamaliza dakika nyingi kabla itoe moshi. Kama ndugu yako wa Texas ndiye alituma boksi, hii aya ni yako.

Halafu shika waya yake. Kama imekauka kama kijiti na inapasuka ukiikunja, imeisha, hata kama lebo iko sawa. Usifungue hilo boksi la transfoma ndio "ucheki tu." Ndani mna stima ya nyumba nzima, na baadhi ya za zamani zina vipande vya seleniamu vya kugeuza AC kuwa DC. Vikiungua vinatoa harufu mbaya na moshi wenye sumu. Iweke kando kama kumbukumbu.

Sasa utumie nini? Kwa keja nyingi sahii kuna adapta ya ruta ya WiFi iliyokufa. Angalia kama imeandikwa 12V DC, 1A. Hiyo inatosha kabisa kwa injini moja ya saizi ya HO ama OO. Katikati ya adapta na reli weka kile kibodi kidogo cha kupunguza kasi ya mota ya DC, mafundi wa elektroniki wanakijua. Ukitaka treni irudi nyuma, tafuta swichi ya miguu 6, unganisha miguu ya pembeni kwa mfano wa herufi X, na ukiibonyeza chanya na hasi zinabadilishana. Kwa treni ya DC, kubadilisha njia ya umeme ndiyo rivasi.

Na sasa ile ngori yenyewe. Huku Taita Taveta watu wengi wako na sola, na betri ya sola ni volti 12. Utaona kama imeletwa na Mungu. Ya pikipiki pia. Shida ni kwamba treni ikianguka kutoka reli, magurudumu ya chuma yanaunganisha pande zote mbili, hiyo ni shoti. Adapta nzuri ya ruta itajizima. Betri haijui kujizima. Itasukuma umeme wote ilio nao mpaka waya ziwe nyekundu, na kama hiyo reli iko juu ya zulia ama godoro, unaongea moto wa nyumba. Ukilazimika kutumia betri, weka fyuzi ya ampea 1 karibu kabisa na nguzo ya chanya, na usiiache ikichaji huku treni inatembea, kwa sababu wakati huo volti zinapanda zaidi ya 14. Bila fyuzi, achana nayo. Hii si ya kubishana.

Jaribu kabla ya kufungua

Kwa injini ya DC, nunua betri ile ya mraba ya volti 9. Geuza injini miguu juu. Chukua waya mbili, moja iguse gurudumu la kushoto na ingine la kulia. Ikizunguka hata kidogo, umebahatika, hiyo inataka kuoshwa tu. Ikinguruma bila kuzunguka, imekwama kwa gundi ya mafuta, toa waya haraka usiipikie hapo. Ikirusha cheche nyingi, sehemu ya shaba ambayo brashi za kaboni hugusa imechafuka. Kimya kabisa? Pengine waya imekatika ama brashi imeisha, na hiyo pia inatengenezeka.

Kuosha

Vifaa: bisibisi ndogo, kibano, pamba za masikio, vijiti vya meno, mswaki mzee, mafuta ya cherehani, na alkoholi ile mafundi wa simu hutumia kusafisha bodi. Spiriti ya kemisti si nzuri sana, kwa sababu ingine imechanganywa na mafuta na inaacha utando. Thina na petroli zikae mbali kabisa na bodi ya plastiki. Nilijaribu thina mara moja, paa la behewa likakunjana kama chapati. Hakuna kurudi hapo.

Piga picha kila ukitoa skrubu moja. Hii ndiyo siri yote ya kufungua vitu. Ukifika kwa mota, chovya pamba kwa alkoholi na usugue ile silinda ndogo ya shaba huku ukiizungusha kwa kidole, mpaka itoke nyeusi iwe ya dhahabu. Imegawanywa vipande vitatu ama vitano, na katikati ya vipande kuna mifereji. Kijiti cha meno kipite kwa mifereji kitoe makaa, kwa sababu hayo makaa ndiyo huunganisha vipande na kufanya mota iwe dhaifu.

Kwa mota za Tri-ang na Hornby za zamani, zile zimekaa wazi na sumaku kubwa juu, usitoe sumaku ati uoshe vizuri. Ikitoka kwa fremu yake inapoteza nguvu na mota inakuwa mzembe milele. Pia angalia springi inayoshikilia brashi. Upande mmoja umevaa kijisoksi cha kuzuia umeme. Kikipotea, unapata shoti kila wakati na utatafuta shida wiki nzima bila kuiona.

Mafuta: tone moja la kichwa cha pini kila mahali ekseli inapita. Watu wetu wanapenda kumwaga. Mafuta yakifika kwa shaba na brashi, umerudi ulipoanzia. Usitumie mafuta ya kupikia, yanaganda. Oili ya pikipiki ni nzito sana.

Magurudumu yanasuguliwa na pamba ya alkoholi mpaka nyeusi iishe, kwa sababu hapo ndipo stima inaingilia. Reli nazo safisha na raba ya penseli. Stilwuli ya sufuria, hapana: nyuzi zake zinanaswa na sumaku na kuingia ndani ya mota. Msasa pia unaacha mikwaruzo ambayo inashika uchafu haraka zaidi.

Mahali unakaa pia ni kitu. Voi na Taveta ni joto na vumbi, kwa hivyo acha nafasi ya unene wa karatasi kati ya vipande vya reli, la sivyo mchana zitapanuka na kuinuka. Ukiwa Wundanyi huko juu kwa ukungu, adui yako ni kutu kwa viungio. Treni inapunguza kasi kila ikienda mbali na waya, halafu inachangamka ikirudi. Ukiona hivyo usilaumu mota, bana viungio na koleo, ama weka waya ya pili upande wa mbali wa duara.

Siku ya kwanza itembee polepole nusu saa mbele, nusu saa nyuma, bila mabehewa. Iguse kila dakika tano. Vuguvugu ni sawa. Ikikuchoma kidole ama inuke, zima.

Ikigoma kabisa

Chukua mita ya fundi uiweke kwa kipimo cha omu. Pima kati ya vipande vya shaba, viwili viwili. Namba zote zinafaa kukaribiana. Moja ikiwa mbali na zingine, koili imekatika ama imeungua. Mafundi wanaosuka upya mota za feni na pampu wanaweza kusuka hiyo pia kama wako na waya nyembamba na subira, ila mwambie kabisa ahesabu mizunguko ya zamani akiitoa. Kitu kimoja hakina dawa: fremu ya chuma cha kumimina ikianza kupasuka na kubomoka yenyewe kama biskuti, hiyo chuma ilichanganywa vibaya kiwandani miaka hiyo. Hapo unaokoa mota na magurudumu.

Na kama unataka kuona kitu mzee alikuwa anaongelea, nenda Nairobi Railway Museum. Garratt za darasa la 59 zilikuwa 34, zimetengenezwa na Beyer Peacock huko Manchester 1955 na 1956, kila moja zaidi ya tani 250, na zilivuta mizigo kutoka Mombasa zikipita Voi. Zilipewa majina ya milima. Ya kwanza, 5901, ilikuwa Mount Kenya. Mbili ziko hapo, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Beba mtoto, beba na mzee kama bado yuko. Hapo utapata stori za njia ya Voi kwenda Taveta, ile ilijengwa na jeshi kuanzia 1915 wakati wa vita na Wajerumani, ikipita Mwatate, Bura na Maktau.

Ukimaliza kucheza, funga injini kwa kitambaa cha pamba, si sponji. Sponji ikizeeka inayeyuka na kung'ang'ania rangi. Boksi lirudi ndani ya nyumba, si stoo ya mabati. Na hiyo adapta ya ruta, iandike "TRENI" kwa kalamu ya wino mzito, ndio mtu asiichukue kwenda kuwasha ruta.