Usisingizie Damu: Historia Fupi ya Sukari Pwani

Hebu tuseme ukweli. Hapa Mombasa mtu akipimwa akapatikana na sukari, maneno ya kwanza ni, "Ah, hiyo iko kwenye damu yetu." Wa Old Town atasema ni damu ya Kiarabu. Jirani yake atasema ni ya Kihindi. Halafu wote wawili wanaagiza soda. Mimi nasema damu inasingiziwa, na historia inanisapoti.

Tuanze na hiyo damu yenyewe. Mwaka 2023 watafiti walichapisha DNA ya watu 80 wa zamani, wengi wao wamezikwa kwenye miji ya kale ya Waswahili kati ya 1250 na 1800. Mtwapa ni mmoja wa miji hiyo, hapo tu ukipita Shanzu. Matokeo? Upande wa kina mama ni Waafrika karibu wote. Upande wa kina baba, wengi walitoka Uajemi, na kuchanganyika kulianza kama mwaka 1000. Waarabu wanaonekana zaidi baadaye, baada ya 1500.

Kwa hivyo mchanganyiko wetu una miaka elfu moja. Ugonjwa je? Shirika la Afya Duniani linasema wenye kisukari duniani walikuwa milioni 108 mwaka 1980, na kufikia 2014 wakawa milioni 422. Watu wameongezeka na wanaishi zaidi, sawa, lakini hiyo peke yake haitoshi kueleza. Na jeni hazibadiliki hivyo kwa miaka 34, wasee. Kilichobadilika ni sahani, na miguu.

Sasa, sisemi jeni hazina kazi. Fikiria Feri asubuhi. Sukari ni abiria, insulini ndiyo feri inayowavusha kutoka kwenye damu kuingia kwenye seli. Mwili ukiwa sugu kwa insulini, feri zipo lakini geti la ng'ambo halifunguki vizuri. Foleni inajaa, kongosho linaongeza feri, mwishowe linachoka. Jeni zinachangia kuamua kongosho la nani litachoka mapema.

Mwaka 2006 watafiti wa Iceland waligundua kwamba aina fulani ya jeni iitwayo TCF7L2 inaongeza hatari. Mwaka 2019 utafiti wa watu zaidi ya 5,000 kutoka Nigeria, Ghana na Kenya ukaikuta jeni hiyohiyo, tena ikiongoza. Iceland na Kenya, jeni moja! Hapo Uarabu unaingilia wapi? Utafiti huohuo ulipata nyingine, ZRANB3, yenye aina inayopatikana kwa Waafrika, na inagusa seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Ingejulikana mapema kama tafiti nyingi zisingekuwa za Wazungu.

Kwa hivyo kama mamako au babako ana sukari, hatari yako kweli iko juu. Hiyo ni sababu ya kwenda kupimwa ukiwa bado kijana, maana sukari inaweza kukaa miaka bila dalili. Na mabuyu yale ya rangi usile pakiti nzima. Ukishuka Feri unaenda Old Town, achana na tuktuk, tembea.

Kwenu nyumbani wanasema sukari imetoka wapi?