Umezima TV lakini tokeni bado zinaisha? Hawa ndio wanakula stima yako ukiwa umelala

Zima taa usiku halafu ucheki keja yako vizuri. Utaona vitaa vidogo vyekundu na vya buluu kila kona: TV, dikoda, wufa, rauta. Hivyo vifaa havijazima, viko tu macho vikingoja rimoti, na wewe ndiye unalipia huo mkesha.

Lakini si vyote ni wezi sawa, na hapa ndipo watu hupotoshana. Chaja ya simu iliyoachwa kwa soketi bila simu hula kama wati 0.1 hadi 0.3. Mwezi mzima haifiki hata robo ya yuniti. Kwa hivyo ruumeti anayekupigia makelele juu ya chaja na yeye huoga na shawa ya umeme dakika ishirini, mwambie atulie. TV mpya nayo haina noma sana. Ulaya ilibana vifaa vingi visipite wati 0.5 vikiwa vimezimwa kwa rimoti kuanzia 2013, na TV nyingi za siku hizi ziko karibu hapo, bora usiwe umewasha ile setingi ya kuifanya iwake haraka.

Mwenye anakuumiza ni dikoda. Ukiizima kwa rimoti, nyingi zinaficha tu picha lakini ndani kazi inaendelea. Chukua inayokula wati 10, ikae hivyo masaa 20 kwa siku: hiyo ni yuniti 6 kwa mwezi, na hujatazama chochote. Wufa pia, hasa zile nzito za zamani. Gusa mgongo wake asubuhi. Ukipata iko joto na haijapiga ngoma usiku mzima, hilo joto ni doo yako. Wasee wa gemu, Xbox ikiachwa kwa hali ya kulala inaweza kula wati 10 na zaidi, na ukichagua kuizima kabisa kwa setingi inashuka hadi karibu nusu wati.

Unataka ushahidi? Enda kwa mita. Kuna kataa kanakopepesa, na kando yake pameandikwa kitu kama 1000 imp/kWh. Zima friji, balbu na kila kitu cha kazi, acha tu vile huwa unaviacha ukilala. Hesabu sekunde kati ya mpepeso mmoja na mwingine, halafu gawa 3600 kwa hizo sekunde. Ukipata sekunde 100, kuna wati 36 zinaliwa bure. Kama mita yako imeandikwa 1600, gawa 2250 badala ya 3600. Ukimaliza, usisahau kuwasha friji, maziwa yasikuharibikie.

Na mbona yuniti 6 ziwe stori? Kwa sababu ya bendi. Kenya Power huangalia wastani wa matumizi yako ya miezi 3. Ukiwa chini ya yuniti 30 unalipa bei ya chini kabisa, kutoka 30 hadi 100 bei inapanda, na ukipita 100 inapanda tena. Mtu wa yuniti 34 akitoa hizo 6 za dikoda anaingia bendi ya chini, na kila yuniti anayonunua inakuwa rahisi, si hizo 6 pekee. Kujua bei yako halisi, chukua SMS ya tokeni, gawa pesa uliyolipa kwa yuniti ulizopata.

Dawa yenyewe si ngumu. Soketi zetu ziko na swichi, ikanyage. Ama weka TV, dikoda na wufa kwa ekstensheni moja yenye swichi, uzime zote mara moja ukienda kulala. Dikoda itachukua dakika kadhaa kuamka, vumilia. Rauta zima ukisafiri. Ila TV ya OLED usiikatie stima punde tu baada ya kuitazama, kwa sababu huwa inasafisha skrini yake ikiwa imelala.

Kama uko kwa ploti na landlodi ndiye anakuuzia stima kwa mita yake ndogo, hesabu ya bendi haikuhusu, bei ni yake. Lakini zile yuniti 6 bado ni zako.