Kutoa waya wa betri: kompyuta ya injini, petroli ya risasi na mlima wa Wundanyi

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, kazi zilinizidi. Leo naweka kando programu za simu nizungumzie kompyuta ambayo wengi wetu husafiri nayo kila siku bila kuifikiria, ile ya injini ya gari. Swali lenyewe ni la zamani na kila dereva wa Voi ana jibu lake: ukitoa waya wa betri ili kompyuta isahau yote, gari hupata nguvu kweli au ni mawazo tu?

Mimi nilikutana na swali hili mwaka 1999, nikiwa bado mwanafunzi. Mjomba wangu alikuwa na Toyota Corolla ya mtumba, ile yenye mgongo mrefu, akitoa kabichi na nyanya Wundanyi kuleta Voi, na siku nyingine hadi soko la Kongowea, Mombasa. Dereva wake alikuwa kijana wa Mgange. Gari likaanza kunywa mafuta. Moshi mweusi, plagi nyeusi, na mlima wa kutoka Mwatate linaupanda likilalamika. Fundi mmoja wa karibu na steji akafungua boneti, akatoa waya hasi wa betri, akaenda kula. Alasiri ile gari lilipanda Wundanyi kama limeamshwa usingizini. Mjomba alifurahi, akalipa.

Wiki moja haikuisha, moshi ukarudi. Fundi akatoa waya tena, akalipwa tena. Mara ya tatu mjomba akapiga hesabu yake: fundi amesema gari ni zima, na siku ya kwanza baada ya gereji kweli huwa zima. Basi mafuta yanaibwa. Kijana wa Mgange akafukuzwa kazi.

Sasa turudi nyuma kidogo. Kabla ya kompyuta kulikuwa na kabureta. Peugeot 404 na 504 zilizopanda milima ya Taita hazikuwa na cha kusahau. Kabureta iliyofungwa vizuri Mombasa, ikifika Wundanyi karibu mita 1,400 juu ya bahari ambako hewa ni nyepesi, ilimwaga petroli nyingi kuliko inayohitajika. Fundi aliirekebisha kwa bisibisi na kwa sikio, na alichokifunga kilibaki vilevile hadi mtu mwingine akiguse.

Mwaka 1967 Bosch ya Ujerumani ilileta D-Jetronic, mfumo wa kielektroniki wa kunyunyiza petroli, kwenye Volkswagen 1600 zilizouzwa Marekani. Huo ulipima hewa ukatoa mafuta kwa hesabu, lakini haukujua kama hesabu yake ilikuwa sahihi. Hatua kubwa ilikuja 1976, Volvo ilipoweka sensa ya oksijeni kwenye ekzosi. Sensa hii huonja moshi. Mafuta yakizidi hutoa karibu volti 0.9, yakipungua hutoa karibu 0.1, na kompyuta hucheza katikati kutafuta kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya petroli. Kwa sisi waandishi wa programu, hapo ndipo injini ilipopata mrejesho.

Katika miaka ya 1980 zikaja kompyuta zenye kumbukumbu ya kujifunza. Fikiria jedwali la kiwandani ambalo halifutiki, na pembeni yake daftari la penseli. Kompyuta ikiona kwamba kila mara inalazimika kuongeza mafuta kwa asilimia 8, inaandika 8 kwenye daftari ili kesho ianzie hapo. Daftari hilo huishi kwa umeme wa betri. Ukitoa waya, au kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo ukichomoa fyuzi ya EFI, daftari linafutwa. Hiyo ndiyo maana ya kureseti. Jedwali la kiwandani haliguswi, wala hakuna nguvu mpya inayoongezwa.

Kwa nini basi gari la mjomba lilipanda mlima? Hapa ndipo mambo ni matamu. Ukienda mwendo wa kawaida kwenye tambarare, tuseme Voi kwenda Maungu na Mackinnon Road, kompyuta inasikiliza sensa na kuandika daftari. Ukikanyaga mafuta hadi chini, kama unavyofanya na mzigo wa kabichi mlimani, haisikilizi sensa tena. Inatumia jedwali pamoja na kilichoandikwa kwenye daftari. Kwa hiyo uongo iliofunzwa tambarare iliutumia mlimani. Ukishafuta daftari, mlima wa kwanza unaupanda kwa hesabu safi za kiwandani. Si mawazo, dereva alihisi kitu cha kweli. Lakini sensa ni ileile, na baada ya safari chache uongo unaandikwa upya.

Na sensa ilidanganya kwa nini? Kwa sababu ya petroli. Tangu Thomas Midgley wa General Motors agundue mwaka 1921 kwamba kiungo chenye madini ya risasi huzuia injini kugonga, dunia nzima ilikitia. Japani iliachana nacho kufikia miaka ya 1980, na magari yake yakaundwa kwa petroli safi. Kisha milango ya biashara ya Kenya ikafunguliwa miaka ya 1990, na magari hayohayo yakashuka bandari ya Mombasa kwa wingi, yakapita Voi kuelekea bara, yakijazwa petroli ya risasi njiani. Risasi huigandia sensa ya oksijeni. Haifi mara moja, inazembea, na mara nyingi inabaki kwenye volti za chini, yaani inaiambia kompyuta mafuta hayatoshi. Kompyuta, mtiifu kama programu yoyote, inaongeza. Sensa iliyokufa kabisa ingewasha taa kwenye dashibodi. Iliyozembea haikuwasha chochote.

Mwezi Juni 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar kuacha petroli ya risasi, na Kenya ikaiacha mwaka 2006 ulipoanza. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, Julai 2021, na waliotangaza habari hiyo walikuwa UNEP, kutoka Gigiri, Nairobi.

Mwaka juzi nilinunua kisomaji kidogo cha kuchomeka chini ya usukani, nikakiunganisha na simu. Toyota yangu ilikuwa imeandika 14 kwenye daftari. Nikareseti, ikawa 0, na nakiri nilihisi wepesi siku ile (pamoja na injini kutetemeka kidogo ikisimama, maana hata mngurumo wa chini hujifunzwa). Kufikia mwisho wa wiki ilikuwa 13. Nikatafuta hadi nikaona bomba la raba limepasuka, kati ya sensa ya hewa na injini. Nikaweka jipya, nikareseti mara moja tu, na namba ikakaa kati ya 1 na 3 hadi leo. Kwa hiyo fundi wa steji alikuwa na nusu ya dawa. Waya wa betri unatolewa baada ya kutengeneza, si badala yake. Na wenye gia za kujibadilisha, msishangae zikibadilika kwa mikwaruzo siku mbili tatu baada ya kureseti, gia nyingi nazo zina daftari lao.

Krismasi iliyopita nilimwonyesha mjomba namba hizo kwenye simu, nikamweleza habari ya risasi na sensa. Gari lenyewe alishaliuza 2004, kwa bei ya kutupa. Alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza sana. Kisha akaniuliza kama najua mtu yeyote wa Mgange anayeweza kujua yule kijana anaishi wapi siku hizi.