Kiti cha Rubani Katubuka

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, na ninyi wadogo zetu mnaokalia madawati yetu leo, Mhariri ameniomba nieleze habari za kile chombo cha mbao kilichomo katika karakana yangu hapa Katubuka, ambacho baadhi yenu mmekiona na kukicheka. Sina budi kuanza nyuma kidogo.

Uwanja wa ndege wa Kigoma uko huku kwetu Katubuka. Tulipokuwa shuleni, ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki ikisikika, mwalimu alingoja mpaka macho yetu yarudi ubaoni. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 1976 nikiwa na nia moja tu: kwenda shule ya urubani ya Soroti, Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1971 wakati wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 1977 Jumuiya ikavunjika. Mwaka 1978 vita vya Kagera vikaanza. Basi nikajifunza ufundi wa redio, na kazi hiyo ndiyo iliyonilisha mimi na wanangu.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Mmarekani Edwin Link, nikafarijika. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda mjini Binghamton. Mwaka 1929 kijana huyo alichukua mivukuto, ile inayopuliza hewa ndani ya vinanda vikubwa vya kanisani, akatengeneza ndege ya mbao isiyoruka, ambayo mwanafunzi aliiinamisha na kuigeuza akiwa chini. Kwanza watu waliiona kuwa mchezo wa maonyesho. Lakini mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege, na marubani kadhaa wakafa gizani na katika dhoruba. Ndipo jeshi likanunua vyombo sita vya Link. Katika Vita Kuu ya Pili maelfu kwa maelfu walifunzwa ndani yake. Nikajiuliza: ikiwa fundi vinanda aliweza, fundi redio je?

Mwaka 1982 kampuni ya Microsoft ilitoa programu ya urubani iliyotungwa na Bruce Artwick kwa ajili ya kompyuta za IBM. Mimi ninayo ile ya mwaka 1989, katika kompyuta kuukuu niliyoifufua. Ninayo pia ya mwaka 2020, katika kompyuta niliyoletewa na mwanangu. Nilitaka kiti kimoja kizitumikie zote mbili.

Kiti nilikitoa katika Land Rover mbovu, ubao wa mbele ni plaiwudi, na pedeli nilizichomelea mwenyewe. Usukani, pedeli na mkono wa mafuta, kila kimoja huzungusha volyumu kama ya redio. Hapo ndipo nilipokosea. Nilitumia volyumu halisi za redio, na mkono wa mafuta ukawa kama mlevi: nusu ya kwanza injini haikusikia, nusu ya pili ikanguruma ghafla. Niliilaumu kompyuta wiki nzima. Kumbe volyumu ya redio imetengenezwa kwa ajili ya sikio, haipandi kwa usawa. Inayotakiwa ni ile inayopanda sawasawa, nayo mara nyingi huandikwa B100K. Mimi, fundi wa miaka arobaini, nilisahau somo la kwanza la kazi yangu!

Wanafunzi wa fizikia na wasikilize hapa. Kompyuta ya zamani, kwa tundu lake la pini 15, haipimi volti. Hupima muda ambao kapasita inachukua kujaa kupitia volyumu, hivyo nyaya mbili zatosha. Ya sasa hutumia kibao kidogo kiitwacho Arduino, ambacho hupima volti na kuigeuza kuwa namba kati ya 0 na 1,023, nacho kinataka nyaya tatu. Nimeweka swichi moja ya kuhamisha nyaya. Ukiibonyeza unavuka miaka thelathini na moja.

Programu ya zamani haiijui Kigoma. Huanzia uwanja wa Meigs, Chicago, kando ya Ziwa Michigan. Uwanja huo ulibomolewa usiku mmoja wa Machi 2003, lakini ndani ya programu bado upo, na mjukuu wangu hutua hapo kila jioni. Ile mpya inalo Ziwa Tanganyika na uwanja wetu. Pale Meigs kipimo cha kimo husoma karibu futi 600 kabla hujaondoka ardhini. Kigoma husoma karibu futi 2,700. Hewa yetu ni nyepesi zaidi, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ili iruke. Mjukuu wangu alilijua jambo hilo kwa kutumbukia ziwani mara tatu, kisha akaenda kula.

Chombo hiki hakimfanyi mtu kuwa rubani wala hakitoi leseni. Humpa kijana mahali pa kukosea na kubaki mzima, nami sikupata mahali hapo mwaka 1977. Kwa hiyo nimeamua kwamba siku ya mkutano wetu kitapakiwa garini na kupelekwa katika maabara ya fizikia ya shule. Nawaomba wenzangu mje na volyumu za akiba. Lakini tafadhali, za redio ziacheni nyumbani.